Ala za Kichina Ndani ya Simu: Sauti Ipo, Safari Haipo

Safari hii sichambui kitabu. Nachambua programu ya simu. Najua wapo watakaosema programu si fasihi na kurasa hizi ni za insha. Nawajibu hivi: vitabu tulivyonavyo hapa Nyarugusu vinahesabika, lakini simu iko karibu kila nyumba, na mtoto anayejifunza jambo kwenye simu analiamini kama sisi tulivyoamini ubao wa mwalimu. Kitu kinachoaminiwa hivyo lazima kisomwe kwa makini, kama tunavyosoma riwaya.

Programu yenyewe inafundisha ala za muziki za jadi za China. Kijana mmoja aliipata, akamrushia mwenzake, huyo naye akamrushia mwingine, na sasa ukipita jioni karibu na vibanda vya kuchaji simu unasikia nyuzi za mbali zikilia katikati ya bongo fleva na rumba. Nimekaa nayo wiki tatu. Maoni yangu kwa ufupi ni haya: sauti zake ni nzuri kuliko nilivyotegemea, na mengi inayoyasema ni kweli. Lakini imeacha jambo moja kubwa, na jambo hilo linatuhusu sisi watu wa kambini kuliko watu wote. Imeacha kusema kwamba ala hizi zilisafiri.

Nianze na mazuri, maana yapo. Ikishaingia kwenye simu haihitaji bando tena. Ukiifungua unakuta ala zimepangwa makundi manne: za kupuliza, za nyuzi zinazodonolewa kwa vidole, za nyuzi zinazosuguliwa kwa upinde, na za kupiga. Unagusa picha, ala inalia. Unagusa tena, unaonyeshwa sehemu zake. Maandishi ni ya Kichina na Kiingereza tu, lakini picha zinaeleweka hata kwa asiyejua lugha hizo.

Ukurasa ulionifurahisha zaidi ni wa sheng. Si ile Sheng ya vijana wa Nairobi. Hii ni ala. Ni fungu la mianzi iliyosimamishwa juu ya bakuli dogo, na ile ya zamani ina mianzi 17. Ndani ya mwanzi kuna ulimi mwembamba wa shaba unaotetemeka. Sisi tumezoea filimbi, ambayo ukifungua matundu sauti inabadilika. Sheng iko kinyume: ukiziba tundu ndipo mwanzi unalia. Tena inalia ukipuliza na inalia ukivuta pumzi, kwa hiyo mpigaji haishiwi. Haya yote programu inayaonyesha kwa mchoro unaotembea, na mtoto wa darasa la nne aliyekaa karibu nami aliyaelewa kabla yangu.

Ukurasa wa erhu nao ni mzuri. Vijana hapa wanaiita zeze la Kichina, na hawajakosea sana. Lina nyuzi mbili, na kisanduku chake kidogo kimewambwa ngozi ya chatu. Upinde wake hautoki: manyoya yake yamepita katikati ya nyuzi mbili, hivyo mpigaji anasugua uzi mmoja akisukuma mbele na mwingine akivuta nyuma. Na hakuna ubao chini ya vidole. Vidole vinabonyeza uzi hewani tu. Ndiyo maana sauti yake inateleza kama sauti ya mtu anayelia au kuimba.

Sasa mabaya, nianze na madogo. Kuna sehemu ya kupiga mwenyewe, ambapo kioo cha simu kinageuka kuwa guzheng, ile ala ndefu ambayo siku hizi ina nyuzi 21. Unapitisha kidole, sauti inamiminika kama maji. Raha kweli. Lakini guzheng halisi inapigwa kwa mikono miwili, kila mmoja na kazi yake. Kila uzi umepita juu ya kijiti kinachouinua. Upande wa kulia wa kijiti mkono wa kulia unadonoa. Upande wa kushoto mkono wa kushoto unabonyeza uzi ili sauti ipande, ishuke, itetemeke. Huo mkono wa kushoto ndio unaoitia ala roho. Kwenye programu upande huo haupo kabisa. Unapiga guzheng kama mtu aliyefungwa mkono mmoja, halafu unapewa nyota tano.

Tatizo kama hilo liko kwenye kengele. Programu inaonyesha, kwa fahari ya haki, kengele za shaba zilizochimbuliwa mwaka 1978 huko Suizhou, jimbo la Hubei, katika kaburi la mtawala aliyeitwa Yi wa Zeng. Zilizikwa naye karibu mwaka 433 kabla ya Kristo. Ziko 65, na ajabu yake ni kwamba kengele moja inatoa sauti mbili tofauti: ukiigonga katikati inatoa moja, ukiigonga pembeni inatoa nyingine, na zote mbili zilipangwa na mafundi walioziyeyusha. Programu inaandika habari hiyo vizuri. Halafu unagusa picha ya kengele katikati, unagusa pembeni, na sauti ni ileile. Maandishi yanasema mbili, kidole kinasikia moja. Mtoto atashika ya kidole.

Makosa haya ningeyasamehe. Kioo ni kioo, na simu ya bei rahisi ina mipaka yake. Lakini kosa la safari halikuletwa na kioo. Limeletwa na walioketi wakaamua waandike nini na waache nini.

Kila ala ina ukurasa wake, na kila ukurasa una sentensi inayofanana na za kurasa nyingine: hii ni ala ya jadi ya China, ina historia ndefu. Basi. Ukimaliza programu nzima unaondoka na picha ya ala zilizoota pale zilipo kama miti, hazikuwahi kuondoka, hazikuwahi kufika. Hebu tuzitazame chache.

Pipa ni ala ya nyuzi nne yenye umbo la tone la maji, na wengi wanaihesabu kuwa sura ya muziki wa Kichina. Babu zake walikuja na misafara kutoka Asia ya Kati. Picha zilizochorwa ndani ya mapango ya Mogao, karibu na Dunhuang, pale njia ya hariri ilipopita, zinaonyesha wapigaji wakiwa wameilaza kifuani. Baadaye Wachina wakaisimamisha wima, wakaacha kipande cha kudonolea wakatumia kucha za vidole, wakaongeza vituo vya vidole. Tawi jingine la ukoo huohuo lilikwenda magharibi, likawa udi wa Waarabu, na udi ukashuka kwa bahari mpaka Zanzibar ukaingia kwenye taarabu. Kwa hiyo pipa na ule udi unaosikika kwenye taarabu ni ndugu waliopoteana njiani. Programu haina neno hata moja juu ya hilo.

Erhu je? Jina lenyewe linasema. "Er" ni mbili, kwa ajili ya nyuzi zake. Na "hu" ni neno ambalo Wachina wa kale waliwaita watu wa kaskazini na magharibi, wageni wa nyikani. Zeze hili ambalo leo linapigwa kwenye kumbi kubwa kama sauti ya taifa, jina lake bado limebeba habari ya mgeni.

Suona, ile tarumbeta ya mbao yenye mdomo wa shaba inayolia kwenye harusi na mazishi ya vijijini kaskazini mwa China, ni ndugu wa surnai ya Uajemi, na hata jina limetoka huko. Mtu yeyote aliyesikia zumari ikipigwa Lamu au Pemba atashtuka akigusa ukurasa huo. Ni ukoo mmoja: ulimi mdogo wa jozi mdomoni, mashavu yaliyofura, pumzi isiyokatika kwa sababu mpigaji anavuta hewa puani huku akiendelea kusukuma nyingine kwa mashavu.

Na yangqin, meza ya nyuzi nyingi inayogongwa kwa vijiti viwili vya mwanzi, ndiyo yenye kisa kitamu zaidi. Inahusishwa na santuri ya Uajemi, na ilifika China kama miaka mia nne iliyopita. Mwanzoni jina lake liliandikwa kwa herufi yenye maana ya "ya ng'ambo". Baadaye wakabadilisha herufi wakaweka nyingine yenye matamshi yaleyale lakini isiyotaja ugeni. Yaani ala ilipata karatasi! Ilikaa, ikajifunza lugha, ikaoa ikaolewa, na siku moja wakaifutia lile neno la ugeni. Nani hapa kambini asiyeelewa kisa hicho? Lakini kwenye programu yangqin inaanza moja kwa moja na karatasi zake mkononi, kana kwamba haikuwahi kupanga foleni.

Na zipo zilizotoka China kwenda kwingine. Wataalamu wengi wa historia ya ala wanaona kuwa sheng zilizofika Ulaya katika karne ya 18 ziliwapa mafundi wa huko wazo la ulimi unaotetemeka huru, na kutoka kwenye wazo hilo zikazaliwa kinanda cha mdomo na kodiani. Kodiani ikafika kwetu Kongo, na Camille Feruzi akaipiga Léopoldville mpaka wazee wetu wakasahau kwamba ilitoka ng'ambo. Leo mzee wa Uvira akisikia kodiani anasema ni muziki wa nyumbani. Hajadanganya. Imekuwa ya nyumbani.

Jadi, kwa hiyo, si kitu kilichokaa mahali pamoja bila kusogea. Jadi ni kitu kilichopokelewa, kikatunzwa, kikapewa mtoto. Programu ingeweza kusema hivyo kwa sentensi moja tu kila ukurasa: ilitoka wapi, ilipokelewa na nani. Sijaomba kitabu. Kuna atakayesema programu ya wanaoanza haipaswi kulemewa na historia. Mbona imepata nafasi ya kuandika miaka ya wafalme na urefu wa kila ala kwa sentimita?

Kosa hili linafika mbali zaidi kwenye sehemu ya nyimbo. Guqin, ala ya nyuzi saba iliyopendwa na wasomi wa kale, ina wimbo unaoitwa Hujia Shiba Pai. Programu imeuweka kwenye orodha ya nyimbo za kupumzisha akili kabla ya kulala. Sasa sikiliza. Mapokeo ya Wachina yanaufungamanisha wimbo huo na mwanamke aliyeitwa Cai Wenji, mwishoni mwa enzi ya Han, kama miaka 1,800 iliyopita. Vita vilipozuka alitekwa, akapelekwa kaskazini kwa Waxiongnu, akakaa huko miaka kumi na miwili, akazaa watoto wawili. Halafu mtawala Cao Cao akatuma mali kumkomboa. Akarudi kwao. Watoto wakabaki. Wimbo unahusu njia hiyo ya kurudi, mguu mmoja mbele na moyo nyuma. Kuna akina mama katika zoni yangu wanaoujua wimbo huo bila kuwahi kuusikia. Kumwambia mtu kwamba ni wa kumletea usingizi ni kumnyang'anya mwenye wimbo huzuni yake.

Ukiondoa safari unaondoa na msafiri. Katika programu nzima sikukuta jina la mpigaji hata mmoja chini ya sauti zilizorekodiwa. Hata wimbo maarufu wa erhu, Erquan Yingyue, umewekwa bila jina la Abing. Abing alikuwa mwanamuziki kipofu wa mji wa Wuxi aliyepiga mitaani ili apate kula. Mwaka 1950 wataalamu wawili, Yang Yinliu na Cao Anhe, walimfuata na chombo cha kurekodi. Alikuwa ameacha kupiga kwa muda, ikabidi aazimwe ala. Walirekodi nyimbo sita: tatu za erhu, tatu za pipa. Kabla mwaka haujaisha Abing akafariki. Sita ndizo tunazo. Nyingine alizozijua alikwenda nazo. Mtu anayesikiliza wimbo huo kwenye simu anastahili kujua kwamba alibaki kidogo asiusikie.

Hapa ndipo nawageukia ndugu zetu wa mashirika mnaosoma kurasa hizi, kwa heshima. Nimesikia mazungumzo, kwenye mikutano na nje ya mikutano, kwamba na sisi tutengenezewe programu kama hii: ala za wakimbizi, kila moja na picha yake, sauti yake na bendera yake. Wazo ni zuri na nia ni njema. Lakini ile bendera inanipa wasiwasi. Kuna kijana hapa aliyezaliwa kambini. Wazazi wake ni Wabembe wa Fizi. Ngoma amejifunza kwa majirani Warundi, na anaipiga vizuri kweli. Mtamwekea bendera ipi? Ya Kongo ambayo hajaiona? Ya Burundi ambayo si yake? Ya Tanzania iliyomlea bila kumwita mwananchi? Programu ya namna hii, ikinakiliwa ilivyo, itamwambia mtoto huyo kwamba jadi ni mali ya waliokaa kwao, na yeye hana. Wakati historia ya pipa, erhu, suona na yangqin inamwambia kinyume kabisa: waliofika ndio walioijenga nusu ya jadi hiyo.

Jambo moja lilinithibitishia haya. Nilimpelekea simu mzee mmoja jirani, Mrundi, mpigaji wa inanga. Inanga ya kwao, kwa wasioijua, ni ubao uliochongwa kama karai refu na kufungwa nyuzi, na waimbaji wake wengine huimba kwa kunong'ona, kwa sababu ala yenyewe ina sauti ya chini. Nilimwekea guqin bila kumwambia inatoka wapi. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Huyu mwanangu hapigi kwa ajili ya watu wengi. Anamwambia mtu mmoja." Ndivyo ilivyo. Guqin ina sauti ndogo, na kwa karne nyingi ilipigwa kwa ajili ya rafiki mmoja au kwa mpigaji mwenyewe. Mzee alielewa kwa dakika chache jambo ambalo ukurasa mzima wa programu haukuligusa. Halafu akauliza, "Nani anapiga?" Nikatazama chini ya kioo. Hapakuwa na jina.

Guqin hiyo ina funzo jingine. Nyimbo zake zimeandikwa kwa alama za zamani zinazomwonyesha mpigaji aweke kidole wapi na adonoe vipi, lakini hazimwambii sauti ikae muda gani. Muda huo mpigaji anautafuta mwenyewe, kwa kusikiliza wenzake na mwalimu wake, na kazi ya kuufufua wimbo mmoja mrefu inaweza kuchukua miezi. Wachina wenyewe wameandika muziki wao tangu zamani, na bado wanahitaji mwalimu aketi mbele ya mwanafunzi. Sisi ambao nyimbo zetu nyingi hazikuandikwa tutawezaje kudhani kwamba rekodi ya dakika mbili inatosha?

Kwa hiyo mradi huo ukija, tuombe mambo machache, na tuyaombe mapema. Jina la mpigaji liandikwe chini ya kila sauti, akikubali mwenyewe, na yeye awe wa kwanza kusikia rekodi yake. Mahali pa bendera pawekwe njia: alijifunza wapi, kwa nani, akaja nayo vipi, anamfundisha nani sasa. Mikono yote miwili ionekane. Na fungu la fedha za mradi limlipe mzee wa kufundisha, si fundi wa kompyuta peke yake.

Na tafadhali, kusiwe na mlango wa kulipia kwa kadi ya benki. Programu hii ninayoichambua inakupa ala kumi bure, halafu inafunga nyingine. Guqin kwa bahati iko upande wa bure, lakini suona imefungwa, na sisi wengi hatuna kadi wala benki. Suona nimeisikia kwa sababu kijana mmoja anayo simu iliyokuja tayari imefunguliwa. Wimbo wa guqin ulipakiwa ndani ya chombo cha angani Voyager mwaka 1977, ukapita sayari zote na bado unakwenda. Ni ajabu kwamba binamu yake wa shaba hawezi kuvuka kizuizi cha kadi kufika Kasulu.

Je, uipakue? Ndiyo. Mpe mtoto aone sheng inavyopumua na erhu inavyolia. Lakini kaa naye. Akifika kwenye pipa mwambie juu ya udi, akifika kwenye yangqin mwambie juu ya ile herufi iliyobadilishwa. Na akikuuliza wimbo anaousikia umepigwa na nani, mwambie wazi kwamba waliotengeneza programu hawakuandika, kisha umpeleke kwa mzee wa jirani anayepiga inanga, amuulize jina lake na alijifunzia wapi.